Mtaa Ulio Demani



Tangu bomoabomoa ya Jeddah ya mwaka 2021 na 2022, kuna swali linalozuka mara kwa mara kwenye barza zetu hapa Saudia, na mara nyingi humalizwa kabla halijaanza. Swali lenyewe ni hili: je, mtaa una tabia? Mtu anaposema "Karantina ulikuwa mtaa mbaya", anakuwa ameueleza mtaa ule, au anakuwa ameueleza mji mzima ambao mtaa ule ulikuwa kiungo chake kimoja? Wengi hushika la kwanza, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya tiketi za likizo. Sisi tunashika la pili. Katika makala hii tutajaribu kueleza kwa nini, na kwa nini jambo hili haliwahusu watu wa Jeddah peke yao bali linatugusa wageni wote tunaoishi kwa iqama.

Kwa walio Riyadh, na kwa wanaotusoma wakiwa mbali zaidi, tuuweke kwanza mtaa mahali pake. Ukitoka Al-Balad, yaani Jeddah ya kale yenye nyumba za mawe ya matumbawe ambazo mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe huzitambua mara moja, ukaifuata pwani kuelekea kusini, unaiacha Jeddah ya picha na kuingia Jeddah ya kazi. Upande wa bahari ni Bandari ya Kiislamu ya Jeddah, lango kuu la bidhaa za Saudia kwenye Bahari ya Shamu. Mbele ni matangi na mabomba ya mafuta. Pembezoni mwa hayo ndipo ilipokuwa mitaa ya Karantina, Petromin na Ghulail.

Yasikilizeni majina yenyewe. Petromin lilikuwa shirika la serikali la mafuta na madini lililoanzishwa mwaka 1962. Karantina ni karantini. Kaskazini mwa mji huohuo kuna Al-Rawdah, yaani bustani, na Al-Shati, yaani ufukwe. Kaskazini mtaa unaitwa kwa kile unachokipenda, kusini mtaa unaitwa kwa kile ulichobebeshwa. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kushangaa, maana Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, na Gerezani ni Gerezani.

Mzigo wa kwanza ulikuwa maradhi ya watu wengine. Mwaka 1865 kipindupindu kilizuka Hijazi wakati wa Hija. Inakadiriwa kuwa mahujaji 15,000 kati ya 90,000 walifariki, na ugonjwa ukasafiri kwa meli hadi Misri na Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Istanbul kujadili namna ya kuuzuia, na kwa miaka mingi baadaye mahujaji waliokuja kwa bahari walitengwa kwanza visiwani, kama kule Kamaran karibu na pwani ya Yemen na kwenye visiwa vidogo vilivyo mbele ya Jeddah. Mwaka 1956 Saudia ikafungua karantini yake kubwa ya kisasa mjini Jeddah. Hatari ilipopungua na wasafiri walipohamia kwenye ndege, kazi ile ilififia, lakini jina likabaki kwa waliokuja kuishi hapo.

Kwetu Zanzibar kazi kama hiyo ilifanywa na kisiwa cha Changuu, ambako jengo lililojengwa miaka ya 1890 ili liwe gereza lilikuja kutumika kuwatenga abiria wa meli. Leo watalii hulipa nauli ya boti kwenda Changuu kuwatazama kobe, na hakuna anayesema kwamba Changuu ni kisiwa kibaya. Tofauti yake na Karantina haiko kwenye kazi zilizofanywa, kwa sababu kazi ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba Changuu kilituliwa mzigo wake, na Karantina iliongezwa mingine juu ya ule wa kwanza.

Mzigo wa pili ulikuwa bandari. Katikati ya miaka ya 1970, fedha za mafuta zilipoanza kumiminika, meli zilikaa nje ya Jeddah kwa wiki na miezi zikisubiri nafasi, hata helikopta zikakodiwa kushusha mifuko ya saruji kutoka melini. Mwaka 1976 bandari ya kisasa ilianza kazi ikiwa na magati 10. Leo magati yamezidi 60. Kondoo na mbuzi wanaoletwa kutoka Berbera kwa ajili ya Hija, mchele, vipuri, magari na mbao: hesabu, ndugu msomaji, vitu vilivyomo nyumbani kwako, uone vingapi vimeikanyaga pwani ile kabla ya kukufikia.

Mzigo wa tatu ulikuwa moshi, na hapa turuhusuni tuzungumze kama wahandisi. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Jeddah kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960 na kilifungwa mwaka 2017, yaani kilifanya kazi kwa karibu nusu karne ubavuni mwa watu. Sasa fikirini upepo. Sisi watu wa pwani tumelelewa na pepo mbili. Kaskazi ikivuma moshi unaelekea huku, kusi ikivuma moshi unarudi kule, na kila mtaa una miezi yake ya kupumua. Jeddah si hivyo. Upepo wake mkuu, karibu mwaka mzima, hutoka kaskazini na kaskazini-magharibi. Manahodha wetu wangesema kwamba wenye majumba ya kaskazini wako upande wa joshi, ambako upepo unafika ukiwa msafi kutoka baharini, na watu wa kusini wako upande wa demani, ambako upepo unafika na kila ulichokiokota njiani.

Tuseme kweli: kitaaluma, kuweka viwanda demani si kosa. Moshi lazima uelekee mahali, na mpangaji wa mji anayefanya hesabu zake sawasawa atauelekeza kwenye watu wachache badala ya wengi. Lakini uamuzi unaweza kuwa sahihi kwa hesabu na bado ukaacha deni. Aliyeko demani anavuta moshi kwa niaba ya aliyeko joshi. Deni hilo haliandikwi kwenye ramani yoyote, na ndiyo maana ni rahisi kulisahau. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona juu ya kichwa cha mwingine unauona mkubwa lakini mwepesi, na ukimwona anayumba unadhani ni ulevi.

Ni nani waliokaa chini ya mizigo hiyo mitatu? Kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu na vibarua vilikuwa karibu, walikaa waliokuwa hawana pengine. Walikuwepo wazao wa mahujaji wa Afrika Magharibi ambao Wahijazi huwaita Takarna, ambao babu zao waliikata Sudan kwa miguu, wakifanya kazi njiani miaka na miaka mpaka wakaifikia Bahari ya Shamu. Walikuwepo Wachadi, Wanigeria, Wasudani, Wayemeni, na Wasaudi wasio na uwezo. Wengine wamezaliwa hapo na baba zao wamezaliwa hapo, na mpaka leo hawana karatasi ya nchi yoyote. Walipakua mizigo, walisukuma mikokoteni, walikusanya makopo na vyuma chakavu, waliosha magari, na wanawake walipanga vyakula vya kwao barabarani.

Hapa ndipo tunapotaka kutenganisha maneno mawili ambayo barzani huchanganywa: tabia na hali. Tabia ni ya mwenye hiari. Mtu akirudia tendo kwa kutaka kwake mpaka likamzoea, tunaweza kumsifu au kumlaumu, kwa sababu angeweza kufanya vingine. Hali ni ya aliyewekwa. Mtaa haukuchagua kupakana na matangi ya mafuta, haukuomba kunyimwa mabomba ya maji taka, wala haukujipangia vichochoro visivyopitisha gari la zimamoto. Mtu mmoja mmoja ndani yake ana tabia, njema au mbaya, na atajibu kwa matendo yake. Mtaa wenyewe una hali tu. Tunapoichukua hali na kuiita tabia, tunawahukumu watu elfu kwa jambo waliloamuliwa na wengine.

Tunajua jibu tutakalopewa, na halistahili kudharauliwa. Tutaambiwa: lakini dawa za kulevya ziliuzwa huko, wezi walijificha huko, na polisi walikuwa wakiingia kwa magari mengi. Serikali nayo, ilipoeleza sababu za kubomoa, ilitaja uhalifu na watu wasio na vibali. Hatukanushi. Mwenye watoto ana haki ya kuogopa, na walioumizwa zaidi na uhalifu ule walikuwa ni majirani wa humohumo waliokuwa hawana pa kuhamia. Wala hatutaki kuugeuza umaskini kuwa pambo, kama wafanyavyo wapiga picha wanaopenda kuta zilizobomoka mradi wao wenyewe wamelala hotelini. Tunachosema ni kwamba hoja hii, ukiifuata mpaka mwisho, inaturudisha kwetu. Mahali pasipo hati, pasipo shule inayompokea mtoto asiye na karatasi, pasipo kazi halali kwa kijana aliyezaliwa hapo, uhalifu una njia iliyo wazi. Aliyefunga njia nyingine zote anahusika na hiyo moja iliyobaki.

Wanaosomea maji taka hufundishwa kanuni moja mapema sana: kinachotoka kwenye bomba lazima kifike mahali. "Kutupa" ni neno la mtu asiyeuona mwisho wa bomba lake. Jeddah ililijua hilo kwa uchungu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mji haikuwa na mtandao wa mabomba, na malori yalibeba maji taka na kuyamwaga kwenye ziwa lililoko mashariki mwa mji, ambalo watu walilipa jina la kejeli, Ziwa la Miski. Mvua ya tarehe 25 Novemba 2009 ilipoua watu zaidi ya 100, wengi wao kwenye mitaa duni iliyojengwa kwenye njia za mabonde, mji mzima ulilala ukiogopa ukuta wa ziwa lile usije ukavunjika. Usiku ule kila mtu, hata wa kaskazini, alitambua kwamba alichokitupa kilikuwa hakijaenda popote.

Wasomaji wa Riyadh wasidhani wamesalimika kwa kukosa bahari. Nao wana ukingo wao wa maji. Wadi Hanifa ni bonde la kilomita 120 linalopita magharibi mwa mji na kushukia kusini, na tangu miaka ya 1970 lilichimbwa kokoto, likajazwa taka, likamiminiwa maji machafu ya mji uliokuwa ukikua kwa kasi. Watu walilikwepa na kulisema vibaya. Kisha mamlaka ya uendelezaji wa Riyadh ikaamua kulitibu. Taka ziliondolewa, mkondo ukanyooshwa, na vikapangwa vizuizi vya mawe na mabwawa ambamo maji huchanganyika na hewa, na mwani, vijidudu na samaki wakafanya kazi ya kuyasafisha. Mwaka 2010 mradi huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Leo familia nyingi, za kwetu zikiwemo, hutandika mikeka huko siku za mapumziko.

Lakini ukingoni mwa bonde hilohilo kuna Manfuha, kijiji cha zamani kuliko Riyadh ya leo, alikozaliwa mshairi mkubwa wa Kiarabu Al-A'sha kabla ya Uislamu. Kijiji kilimezwa na mji, wenyeji wakahama, wageni wenye vipato vidogo wakaingia, wengi wao Wahabeshi. Novemba 2013, muda wa msamaha kwa wasio na vibali ulipokwisha, kulitokea ghasia na watu wakafa, na katika miezi iliyofuata Waethiopia zaidi ya 150,000 walirudishwa kwao kutoka Saudia nzima. Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Bonde lilipochafuka, wataalamu waliuliza: limebebeshwa nini, nani alilibebesha, na tufanyeje ili liweze kuubeba mzigo wake bila kuumia? Hakuna aliyesema bonde lina tabia mbaya. Mtaa ulipochafuka, watu waliuliza: ni kina nani hao, na wataondoka lini? Maji machafu yalipata maswali ya haki kuliko wanadamu.

Na kwetu nyumbani nako hakuna tofauti. Kule Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walikuwa jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kutoa risasi, na watoto wao wakaugua kwa sumu yake. Kwa muda mrefu kelele zao hazikusikilizwa, kwa kuwa ni mtaa wa mabanda, na mtaa wa mabanda hutarajiwa kuugua. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilikatiwa rufaa ikapinduliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu ile. Fedha ni muhimu, lakini kuna jambo kubwa zaidi ndani ya hukumu ile: mahakama ilitamka kwamba ugonjwa wa mtaa ule haukuwa tabia yake. Ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe anadaiwa.

Turudi Jeddah. Kuanzia Oktoba 2021 matingatinga yaliingia, na mitaa ya kusini jirani na bandari ilikuwa miongoni mwa ya mwanzo. Orodha nzima ilikuwa na mitaa zaidi ya 60. Shirika la Amnesty International liliandika kwamba walioguswa ni zaidi ya nusu milioni. Fidia ilipangwa, na si haki kusema hakuna aliyelipwa. Lakini mwenye hati halali alihesabiwa thamani ya ardhi na jengo, asiye na hati alihesabiwa thamani ya kifusi, na mgeni hakuhesabiwa kabisa, hata kama familia yake ilikuwa hapo kwa vizazi. Kodi za nyumba zikapanda mji mzima, na waliohama wakasogea mbele zaidi, wengine kwenye chumba kimoja familia mbili.

Mji una haki ya kubadilika. Hatusemi makazi holela yaachwe milele kwa jina la huruma, maana kumwacha mtu demani na kumwita jirani si huruma. Tunachosema ni kwamba kubomoa si kulipa. Deni la miaka 50 ya moshi, ya upakuzi na ya kuchambua taka za wengine haliishi kwa sababu nyumba ya mdai imeanguka. Kama Wadi Hanifa lingefukiwa kwa saruji lisionekane, hakuna mhandisi ambaye angeliita limetibiwa.

Je, haya yanatuhusu nini sisi Waswahili, tulio wachache hapa, na wengi wetu tukiwa na kazi za heshima ofisini, hospitalini na viwandani? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, sisi ni wanufaika. Tunaishi kwa bidhaa zilizopita bandarini na kwa umeme na petroli ambazo moshi wake ulimwangukia mwingine, na anayenufaika hawezi kujifanya mpita njia. Pili, sisi pia ni wageni. Leo mstari umepita kati ya mwenye iqama na asiye nayo, na tuko upande wa salama. Mstari huo haukuchorwa na sisi na unaweza kusogezwa bila sisi kuulizwa. Mwenye kukubali kwamba watu wanaweza kupewa jina la mtaa wao na kuondolewa nalo, amekubali hukumu ambayo siku moja yeye mwenyewe anaweza kusomewa.

Hatuna madaraka ya kupanga miji. Tunayo madaraka ya ndimi zetu na ya mikono yetu. Mtu akisema mbele ya watoto wetu kwamba mtaa fulani ni mbaya, iwe Jeddah, iwe Tandale au Kibera, tumuulize kwa upole: ulibebeshwa nini, na nani alipata raha kwa sababu hiyo? Mwanamke aliyekuwa akiuza karanga jirani na Petromin akitokea leo kwenye kona ya mtaa wetu, tumjue kwa jina lake kabla ya kuuliza ametoka wapi. Na wale miongoni mwetu wanaoajiri, wanaokodisha vyumba, au wanaosimamia vyama vyetu vya kusaidiana, wakumbuke kwamba waliohamishwa hawakuhamia hewani.

Karantina yenyewe haipo tena. Bandari inaendelea kupakua usiku na mchana, na upepo unaendelea kutoka kaskazini. Kwa hiyo bado kuna mtu yuko demani, na tukitaka kujua yuko wapi sasa, tuanze kwa kutazama taka zetu zinabebwa kupelekwa upande gani.